CD4 zimepanda na virusi havionekani, dawa za nini tena?

Mlima Alizeti: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Bro wangu yupo Kibaigwa, anatumia ARV (dawa za VVU) mwaka wa tatu, alianza CD4, zile seli T za kinga, ikiwa 180 juzi imesoma 540 na virusi havionekani kwenye damu. Sasa kaanza kusema askari wa mwili si wamesharudi kazini, wapigane wenyewe. Nikakosa jibu. Hivi hizo seli T si ndo kazi yake, zinashindwaje?

Zabibu Chungu: Mkuu mbona zinapigana sana tu. CD4 ndo zinatoa amri, wauaji ni CD8, zinapita kukagua seli moja moja, ikionekana ina vipande vya kirusi inatobolewa inakufa. Wiki za mwanzo kabisa, hata dawa hujagusa, CD8 ndo zinavishusha virusi. Shida ni kwamba VVU vinaingia kwenye CD4 yenyewe, yule mtoa amri, alafu vinavyozaliana vinakosea kujinakili kila mara so sura inabadilika, CD8 zinasaka sura ya jana. Mwisho zinachoka, zipo ila makali hamna.

Dada wa Area C: Umeruka lenyewe sasa. Kuna CD4 za kumbukumbu, zile zinazokumbuka vijidudu vya zamani, zimelala, kirusi kimejichomeka kwenye DNA yake kimetulia tuli, CD8 inapita hapo inaona ndugu tu. Dawa nayo inazuia kisizaliane, kilicholala haikigusi. Si unajua shamba huku kwetu mwezi wa nane, vumbi tupu, unaapa hakuna hata jani, ngoja mvua ya mwezi wa 12 ipige uone magugu. Akiacha dawa, wengi wiki chache tu vimerudi.

Mlima Alizeti: Kwahiyo kipimo kinadanganya?

Dada wa Area C: Hakidanganyi kaka, kinahesabu vilivyo kwenye damu, sio vilivyolala.

Mzee wa CTC: Mwambie huyo kijana mimi nimeishi navyo toka 2008, kuna mwaka nilijiona chuma nikaacha, nikarudi kliniki nimebebwa, TB juu na CD4 imebaki 64. Ilinichukua miaka kuipandisha tena.

Mlima Alizeti: Pole sana mzee, shikamoo. Hilo la magugu atalielewa maana kila mwaka yanamtoa jasho. Ila hiyo 540 ni nzuri au bado?

Zabibu Chungu: Nzuri, asiye na VVU huwa kati ya 500 na 1500 hivi. Asihangaike nayo sana, cha kufuatilia sasa ni wingi wa virusi.