Mjadala: "Soma usije ukawa kama mimi" ni ushauri unaomjenga kijana?

Mtaala mpya wa Tanzania, ulioanza kutumika mwaka 2024, umeigawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na huo wa pili unampa mwanafunzi nafasi ya kujifunza ufundi sambamba na masomo ya kawaida. Wapo wanaosema kwamba amali itakwama kwa uhaba wa karakana na walimu, na hoja yao siipingi. Naona, hata hivyo, kwamba kikwazo kikubwa zaidi kimo majumbani mwetu, katika maneno ambayo wengi tumekua tukiyasikia: "Soma usije ukawa kama mimi."

Marehemu baba yangu alikuwa seremala Keko, Dar es Salaam. Maneno hayo aliyatamka akiwa na randa mkononi, nyusi zimejaa vumbi la mbao, na siku niliyothubutu kushika patasi alininyang'anya, akaniamuru nirudi kwenye madaftari. Sina shaka kwamba alinipenda, wala sikatai kwamba maneno yale yalinisukuma, kwani nilisoma kwa hofu na nikafaulu kwa hofu. Lakini hofu ilinionyesha pa kukimbia tu, haikunionyesha pa kwenda. Tahasusi ya kidato cha tano niliichagua kwa kigezo kimoja, kwamba iwe mbali na karakana, na nilipoulizwa chuoni kilichonipeleka pale, sikuwa na jibu. (Ada yangu yote, tusisahau, ililipwa na makabati na vitanda vya mninga.)

Nitajibiwa kwamba mzazi anaujua uchungu wa kazi yake kuliko yeyote, na kwamba fundi asiye na pensheni wala bima ana kila sababu ya kumtakia mwanawe maisha mengine. Jibu hilo ni zito, ila linachanganya mambo mawili. Mzazi anayesema kwamba kazi hii haina malipo ya uzeeni, kwamba ukiugua hakuna siku inayolipwa, na kwamba mteja anaweza kukukopa mpaka ukasahau deni, amempa kijana taarifa ya kupimia. Anayeishia kusema "usije ukawa kama mimi" amempa aibu, na kazi inayoonewa aibu haipimwi, hukimbiwa, hata pale ambapo mikono ya kijana inaielewa kuliko kichwa chake kinavyoielewa fizikia.

Suala hili si geni. Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, ilikwisha kulalamika kwamba shule zinamtenga mtoto na jamii ya wakulima iliyomzaa, ingawa lawama nyingi zilielekezwa kwa shule, na sisi wazazi tukapona kirahisi mno. Aidha, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake, lakini ni nyumba ngapi ambamo mtoto huulizwa kabla fomu haijajazwa?

Ningependa kuwasikia hasa mafundi, wakulima na wavuvi wenye watoto shuleni. Mnapowasimulia watoto kazi zenu, huwa mnaanza na lipi? Na mwanao akikuambia jioni ya leo kwamba anataka amali, utamjibuje?