Baiskeli ya umeme volti 48: kioo kinawaka, taa inawaka, mota haigeuki kabisa

mpanda_kilima:

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo kabla sijaanza kununua vifaa kwa kubahatisha.

Baiskeli ni ya volti 48, betri ya lithiamu Ah 13, mota ya wati 500 kwenye ringi la nyuma (ile yenye gia ndani), kontrola (kisanduku kinachoendesha mota) ya ampea 22. Ina ekseleta ya dole gumba na sensa ya pedali. Kioo ni kile kidogo cha vitaa, hakitoi namba za hitilafu. Imenyeshewa mvua kubwa na kulala hivyo hivyo. Asubuhi kioo kinawaka, vitaa vyote vinne vya betri vimejaa, taa ya mbele nayo inawaka. Ukibonyeza ekseleta, kimya. Ukipiga pedali, kimya. Haiungurumi wala haitetemeki. Ringi linazunguka laini mbele na nyuma. Betri ikipimwa inatoa volti 51.8.

Multimita ninayo. Nimeambiwa kontrola imekufa ninunue nyingine. Nipime nini kwanza, na kwa mpangilio gani?

fundi_volti:

Mkuu, usinunue kontrola. Umetoa dalili moja nzuri sana: ekseleta na sensa ya pedali zimekufa pamoja. Hivyo ni vifaa viwili tofauti, na ni nadra kuharibika saa moja. Tafuta kile wanachochangia.

Dalili ya pili ni huo ukimya. Waya mmoja wa fezi (zile nene tatu zinazolisha mota) ukikatika, au sensa moja ya holi (zile tatu zinazoiambia kontrola mota imefika wapi kwenye mzunguko) ikifa, mota kwa kawaida hutetemeka, hunguruma au hushtuka ukiisukuma kidogo. Ikinyamaza kabisa, kontrola ama haijapata amri, ama imezuiwa, ama haina nguvu ya kufikiria. Na kwa kuwa ringi linazunguka laini kinyumenyume, mosfeti za kontrola (swichi zake za kupeleka umeme kwenye mota) huenda ni nzima. Mosfeti ikipiga shoti, utahisi ringi zito na linakwama kwa hatua ukilirudisha nyuma. Kwa mota ya gia ni lazima ulirudishe nyuma, kwa sababu ukienda mbele klachi ya ndani huiachia mota na hutahisi chochote.

Anza na breki. Mikono ya breki ina swichi ndogo inayoiambia kontrola ikate mota. Maji yakiingia humo, kontrola inaamini umeshika breki muda wote. Fuata waya kutoka kila mkono, chomoa plagi zote mbili (kwenye baiskeli zenye plagi za mviringo zisizopitisha maji, za breki mara nyingi ni nyekundu, ya ekseleta njano, ya kioo kijani). Inua gurudumu la nyuma, washa, jaribu ekseleta. Karibu swichi zote hizi hufunga saketi pale tu unaposhika breki, kwa hiyo ukizichomoa kizuizi kinaondoka. Mota ikigeuka, umepata mkosaji. Baada ya jaribio rudisha swichi iliyo nzima, usiendeshe barabarani bila mkato wa breki.

Kisha betri, na hapa watu wengi hudanganyika. 51.8 bila mzigo haithibitishi kitu. Betri ya 48 ina makundi 13 ya seli. Ikijaa kabisa ni 54.6, na kontrola nyingi hukata ikikaribia 40. Yako ni karibu 3.98 kwa kila kundi, namba safi. Lakini BMS (bodi ya ulinzi ndani ya betri) iliyojifunga huweza kupitisha volti za mzimu: mita inaziona, mzigo ukiingia zinayeyuka. Chukua balbu nne za taa kubwa za gari, volti 12 wati 55, ziunge mfululizo, uziweke kwenye plagi ya betri. Zinakula karibu ampea 4.6. Zikiwaka vizuri na volti zikapungua kwa moja au mbili tu, upande wa betri songa mbele. Zikififia mara moja, tatizo liko kwenye BMS, fyuzi au plagi iliyoungua. Balbu hizo huchemka vibaya, ziweke juu ya tofali.

mpanda_kilima:

Ahsante sana kaka. Breki zote mbili nimechomoa: hakuna mabadiliko. Balbu nne: zinawaka kwa nguvu, volti zimetoka 51.8 hadi 51.1 na kutulia hapo dakika nzima. Niende wapi sasa?

SalmaUmeme:

Betri iache, ni nzima kwa kiwango hicho. Sasa pima laini ya volti 5, hapo ndipo mvua hupenda kukaa.

Kontrola ina kipande kidogo kinachoshusha volti 48 hadi 5. Hizo 5 zinagawanywa kwa ekseleta, sensa ya pedali na sensa tatu za holi ndani ya mota, na kwenye kontrola nyingi za bei nafuu ndizo hizo hizo zinazolisha ubongo wa kontrola. Kifaa kimoja tu kati ya hivyo kikipiga shoti, laini yote inaanguka na vyote vinakufa kwa pamoja. Kioo chako kinaendelea kuwaka kwa sababu kinachukua 48 moja kwa moja. Ndiyo maana fundi akiona kioo kinawaka na mota kimya, anahukumu kontrola.

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa plagi ya ekseleta, nyekundu kwenye waya mwekundu, ukichomeka kwa nyuma ya plagi bila kuifungua. Unatakiwa kuona kati ya 4.3 na 5. Hizo zikiwepo, pima waya wa ishara wa ekseleta: karibu 0.8 ukiwa hujabonyeza, unapanda taratibu hadi 3.6 au zaidi ukibonyeza mwisho. Ekseleta iliyobaki juu tangu mwanzo nayo hunyamazisha mota, kontrola inakataa kuondoka kwa usalama.

Ukiona chini ya 4, anza kuchomoa kimoja kimoja huku mita ikiwa imeshikilia: sensa ya pedali kwanza, kisha plagi ya holi ya mota. Hamisha kipimo kwenye plagi nyingine, halafu chomoa na ekseleta. Zima kila unapochomoa, washa upime. Volti zikiruka kurudi 5 baada ya kuchomoa kitu fulani, kitu hicho ndicho. Ukichomoa vyote na bado zimelala, hapo kweli shida iko ndani ya kontrola.

Tafadhali zingatia mambo mawili. Laini ikiwa kwenye shoti usiiache imewashwa zaidi ya nusu dakika, kile kipande kinachoshusha volti kinapikika. Na ekseleta zenye vitaa vya betri au swichi ya ufunguo huwa na waya wa volti 48 kwenye plagi ile ile. Ncha ya mita ikiteleza na kuunganisha 48 na waya wa 5, unaua holi zote tatu, ekseleta na kontrola kwa sekunde moja. Funga tepu kwenye ncha ya mita ubakize milimita mbili tu za chuma.

mpanda_kilima:

Dada Salma, umegonga penyewe. Kwenye ekseleta napata 1.2 tu. Nimechomoa sensa ya pedali: 1.2. Nimechomoa plagi ya holi ya mota: imeruka hadi 4.9! Ishara ya ekseleta sasa inatoka 0.84 hadi 3.7. Lakini mota bado haigeuki (holi zikiwa zimechomolewa). Je, ni sensa za holi zimekufa zote?

mzee_wa_ringi:

Mota kutogeuka holi zikiwa nje ni kawaida kwa kontrola isiyoweza kufanya kazi bila holi, kwa hiyo hilo lisikuogopeshe. Zipo kontrola zenye uwezo huo, mota ingeanza kwa kusitasita kisha ikashika. Yako si ya aina hiyo.

Holi zote tatu kufa kwa mvua si jambo la kawaida. Kabla ya kufungua mota, kagua mahali pawili. Plagi yenyewe kwanza: maji na chumvi kati ya pini hutengeneza shoti. Ikague kama kuna ukungu wa kijani, ioshe kwa spiriti na mswaki laini, ikauke kabisa, upime mlio (kipimo ambacho mita hulia ncha zake zikiunganika) kati ya mwekundu na mweusi upande wa mota. Ukilia, shoti iko mbele ya plagi.

Sehemu ya pili ndiyo ninayoishuku zaidi: pale waya unapotoka kwenye ekseli. Ekseli ya mota ina tundu, na waya nane (tatu nene za fezi, tano nyembamba za holi) hupinda hapo kwa ghafla kwenye ukingo wa chuma. Nati ikilegea, ekseli hucheza kwenye uma kila unapoondoka, ukingo unakata ngozi ya waya kidogo kidogo. Huenda waya umekuwa uchi siku nyingi, mvua ikamalizia kazi. Shika waya hapo, uupinde taratibu huku na huku mita ikiwa kwenye mlio. Mlio ukikatika na kurudi unapopinda, umeshapata jibu bila kufungua skrubu hata moja.

Pima pia kila waya wa fezi dhidi ya ekseli. Usisikie mlio wowote. Fezi kwa fezi zenyewe mita italia, hilo lisikutishe, koili zake zina chini ya omu moja.

bandari_watts (Mombasa):

Kwa walio pwani, nyongeza ndogo: kijani kwenye pini kikishaingia chini ya mpira wa plagi hakitoki kwa kufuta. Kata plagi, weka mpya. Na msitie grisi ya kawaida ya magari ndani, tieni ile ya silikoni, kidogo tu.

mpanda_kilima:

Plagi nimeosha, imekauka, mlio upo. Nikipinda waya kwenye ekseli mlio unakatika. Nati ya upande huo imegeuka kwa mkono! Ngozi ya nje imechanika na naona waya mwekundu mwembamba na mweusi zimegusana. Naweza kuunga hapo hapo kwa nje, au lazima nibadilishe waya mzima? Na nitajuaje kama holi zimepona?

mzee_wa_ringi:

Inategemea mchubuko uko wapi. Ukiwa nje ya tundu na una sentimita mbili au tatu za waya mzima kabla ya kuingia kwenye ekseli, unga hapo. Toa betri kwanza, kisha shika kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa ili umeme uliobaki kwenye kapasita ya kontrola uishe. Kata kila waya mahali tofauti, viungo vipishane kama ngazi visilundikane. Lehemu, vika mpira wa kusinyaa kila kimoja, kisha mpira mkubwa wenye gundi ndani juu ya vyote. Tepu peke yake hapo haidumu, joto la ekseli linaifungua.

Mchubuko ukiwa ndani ya tundu hakuna njia ya mkato, fungua mota na uvute waya mpya hadi kwenye bodi ya holi. Andika rangi kabla ya kukata, piga na picha. Ukishaifungua, ikaushe na upake gia za nailoni grisi nyeupe ya lithiamu.

Ukirudisha gurudumu, weka zile washa zenye jino, jino liingie kwenye mwanya wa uma. Nati za ekseli ya M12 ni spana namba 18, kaza karibu Nm 40 na uzirudie baada ya kilomita 50. Mota ya wati 500 kwenye uma wa alumini inahitaji pia mkono wa chuma wa kuzuia ekseli isizunguke. Na waya ukitoka kwenye ekseli uning'inie chini kwanza ndipo upande juu kwenye fremu, ili maji yadondokee pale chini. Ukiunyoosha kupanda moja kwa moja, maji yanatiririka nao hadi ndani ya mota.

SalmaUmeme:

Holi zipime baada ya kuunga, kabla ya kujaribu ekseleta. Plagi ya holi irudishe, ya fezi iache wazi. Washa, hakikisha nyekundu kwa nyeusi ni 4.3 hadi 5. Kisha ncha nyekundu kwenye njano, zungusha ringi polepole sana kinyumenyume. Lazima uone volti zikiruka kati ya karibu 0 na karibu 5. Rudia kwa kijani na bluu. Moja ikiganda juu au chini, sensa hiyo imekufa. Mbadala unaopatikana kwa urahisi ni SS41F. Badilisha zote tatu kwa pamoja, maandishi yakitazama upande ule ule wa zile za zamani, maana kufungua mota mara mbili ni kazi bure.

Ukijaribu sensa ukiwa umeitoa nje, weka rezista ya kilo-omu 10 kati ya waya wa ishara na volti 5. Sensa hizi zinavuta chini tu, hazisukumi juu. Bila rezista utadhani sensa mpya ni mbovu.

mpanda_kilima:

Mchubuko ulikuwa nje ya tundu, nimeunga kwa ngazi kama ulivyosema mzee. Laini ya 5 inasoma 4.8 vyote vikiwa vimechomekwa. Njano 0.1 na 4.8, kijani hivyo hivyo, bluu hivyo hivyo. Nikarudisha fezi na breki: mota inageuka kwa ekseleta na kwa pedali. Kitu kimoja: hewani inanguruma zaidi kuliko zamani na inachemka haraka.

fundi_volti:

Umegeuza rangi mahali fulani. Kagua viungo vyako upya, hasa kijani na bluu, kwenye fezi na kwenye holi pia. Mpangilio wa fezi na holi usipolingana, mota huweza kugeuka lakini inakula ampea nyingi bila mzigo. Kwa mota yako, gurudumu likiwa hewani kwa kasi yote, tarajia ampea moja hadi mbili kutoka kwenye betri. Ukiona nne au tano, usiipande, kontrola itaungua. Pitisha mita kwenye tundu la ampea 10 kati ya betri na kontrola, bonyeza ekseleta taratibu sana, usishike breki wala gurudumu wakati mita iko kwenye njia, kisha tuandikie namba.

mpanda_kilima:

Ilikuwa 4.3. Njano na kijani za holi zilipishana kwenye kiungo. Nimerekebisha, sasa 1.4 na sauti imetulia.