Amepiga mwayo wakati Jokić amempa mlinzi mgongo!

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado ninatetemeka kwa hasira, kwa sababu yule mwenzetu, ambaye hakuna haja ya kumtaja kwa kuwa ulimi wake umekwisha kutuumiza sote, amepiga mwayo sebuleni kwangu. Tulikuwa tukitazama marudio ya mchezo wa tatu wa fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, za mwaka 2023, Denver dhidi ya Miami. Jokić, senta wa Denver, yaani yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, akampa mlinzi mgongo, akamsukuma taratibu kwa bega, na kabla hajageuka mgeni wangu akafungua kinywa ambacho daladala ingepita na abiria wake wote, chapati yangu ikiwa mkononi mwake, kisha akasema kwamba mchezo wa namna hiyo ulizikwa na enzi za Shaquille O'Neal, senta wa zamani.

Ulizikwa wapi? Jokić alimaliza usiku ule akiwa na pointi 32, ribaundi 21 (mipira aliyoidaka baada ya kukosa kikapu) na asisti 10 (pasi zilizozaa vikapu), na kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha 30, 20 na 10 katika mchezo mmoja wa fainali. Ninajua kwamba tangu ulinzi wa kanda, ambapo mlinzi hulinda eneo badala ya mtu, uliporuhusiwa mwaka 2001, senta huzongwa na watu wawili hata kabla hajaushika mpira. Lakini wawili wakimfuata huyu, mwenzake mmoja hubaki huru, na pasi hupita juu ya mabega yao. Hilo hakuliona, kwa kuwa alikuwa amefumba macho akipiga mwayo. Mwayo! Mbele ya watoto wangu!

Senta Mstaafu: Pole sana, ndugu. Mimi aliniambia kwamba senta Hakeem Olajuwon, aliyeipa Houston ubingwa mwaka 1994 na 1995, leo asingepata namba. Tangu siku hiyo sijaitikia salamu yake.

Pointi Tatu: Mleta uzi, umetuamsha usiku huu kwa ajili ya mwayo? Ungempa kahawa. Hakuna timu itakayosubiri senta asukumane chini ya kikapu huku mpigaji wa pembeni ameachwa peke yake.

Senta Mstaafu: Na huyo wa pembeni ameachwa na nani, kama si mlinzi aliyekimbilia kwa senta?

Mama Ribaundi: Mimi ninachotaka ni mpira wangu, aliouazima kabla ya mfungo na hadi leo hajaurudisha.

Kona ya Kushoto: Mama, huo mpira alituuzia sisi, tena ukiwa na pancha.