Makumbusho ya Umm Kulthum mjini Cairo: je, yanafaa kwa asubuhi moja?

Mjukuu wa Malindi:
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwezi ujao nitampeleka shangazi yangu Cairo kutibiwa goti, na baada ya shughuli za hospitali tutabakiwa na asubuhi moja tu kabla ya kurejea Unguja. Piramidi hazitaki, anasema ameshaziona vya kutosha kwenye televisheni. Anachotaka ni Makumbusho ya Umm Kulthum, yule mwimbaji mashuhuri wa Misri, kwa kuwa alilelewa katika nyumba ambamo Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi redio ilifunguliwa Cairo, na watoto wakakatazwa kupiga kelele hadi bibi huyo amalize, na wimbo wake mmoja, kama mjuavyo, uliweza kupita saa nzima. Nasikia mahali penyewe ni padogo sana. Naomba waliofika wanieleze kuna nini hasa, na kama mtu mzima mwenye goti bovu atamudu.

Msomi wa Azhar:
Wa aleikum salaam. Mpeleke bila wasiwasi. Makumbusho yako kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Roda, ndani ya uwanja wa Kasri la Monasterli lililojengwa mwaka 1851, na yalifunguliwa mwaka 2001. Udogo wake ni kweli, ila kwa shangazi yako huo ni msaada, maana hakuna kuzunguka kumbi kwa kumbi.

Utakuta nguo zake za jukwaani zenye kumetameta, nishani, barua na picha, lakini watu hukusanyika zaidi penye miwani yake myeusi yenye vito pembeni. Wengi hudhani ilikuwa mbwembwe za usanii, kumbe alikuwa na maradhi ya tezi ya shingo yaliyomwathiri macho. Ipo pia leso ya hariri ya aina aliyokuwa akiishika mkononi kila alipoimba. Ukiitazama kwa karibu unakumbuka picha nyingi ulizowahi kumwona akiimba nayo mkononi. Halafu kuna filamu fupi ya maisha yake hadi mazishi ya Februari 1975, umati ulipofurika katika mitaa ya Cairo. Mkae muitazame yote.

Mpiga Fidla:
Nakubaliana na ndugu hapo juu, isipokuwa mimi nilitoka na dukuduku. Makumbusho yanamsimulia nyota na kuwasahau waliomzunguka. Ahmad Rami aliyemtungia mashairi mengi, na Riad al-Sunbati aliyezitia muziki nyimbo zake nyingi kubwa, walistahili nafasi pana zaidi. Mohamed al-Qasabgi, mtunzi hodari wa miaka ya mwanzo, aliendelea kukaa nyuma yake akipiga udi hata baada ya Umm Kulthum kuacha kuimba tungo zake mpya, na al-Qasabgi alipofariki mwaka 1966 kiti chake kikaachwa kitupu jukwaani. Mimi ningekiweka kiti hicho mlangoni, kabla ya nguo yoyote.

Kwa sisi watu wa taarabu jambo hili si dogo, maana ala za kanuni, udi na fidla za vikundi vyetu, kuanzia Ikhwani Safaa iliyoundwa mwaka 1905, zimefuata mkondo wa Misri. Kwa hiyo nashauri msikilize "Enta Omri" ya mwaka 1964 usiku wa kuamkia siku hiyo, yote na si kipande, na mtege sikio pale gitaa la umeme alilolileta mtunzi wake, Abdel Wahab, linapoingia. Bila nyimbo kichwani, mle ndani mtaona kabati la nguo tu.

Dereva Mstaafu:
Tahadhari mbili. Ya kwanza, mwambieni dereva wa teksi "Manial, Mikyas", msimtajie jina la Umm Kulthum peke yake, kwa sababu mnaweza kujikuta Zamalek, mtaa mwingine wa Cairo, ambako kuna sanamu yake na hoteli yenye jina lake palipokuwa nyumba yake. Nyumba yenyewe ilivunjwa. Ya pili ni hiyo Mikyas, kipimo cha kale cha maji ya Nili cha mwaka 861, kilicho jirani kabisa. Ni nguzo ya mawe iliyosimama ndani ya shimo refu, na serikali za zamani ziliutazama urefu wa maji yake kabla ya kukadiria kodi ya wakulima. Ni pazuri mno, lakini ngazi zake ni nyembamba na upande mmoja ziko wazi.

Mjukuu wa Malindi:
Ahsanteni sana. Nimemsomea shangazi majibu yote. Ameniagiza nimwambie Mpiga Fidla kwamba al-Qasabgi anamjua vizuri, na kwamba mimi ndiye wa kusikilizishwa nyimbo usiku huo. Kuhusu Mikyas, je, mtu anaweza kuitazama nguzo kutoka juu bila kushuka?

Dereva Mstaafu:
Anaweza. Asimame juu tu, wewe ndiye ushuke.