Mjadala: Mfanyakazi wa kompyuta kupimwa kwa alama za programu na wa mwisho kutolewa, ni haki?

MLETA MADA, MALINDI

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Mtu anayefanya kazi za kompyuta, awe anaandika programu, anajibu wateja wa ng'ambo au anapanga data za kufundishia mashine, ni haki apimwe kwa programu inayopiga picha skrini yake na kuhesabu mibofyo ya kipanya, kisha kila miezi mitatu watu wapangwe kwa alama na wa mwisho aachishwe kazi?

Utaratibu huo umeingia kwetu. Vijana wa Maweni, Shela, Muyeye na Barani wanaofanya kazi hizi wanaujua vizuri. Asili yake haikuwa mbaya. Jukwaa la kutafutia kazi mtandaoni kama Upwork, kwa kazi za kulipwa kwa saa, hupiga picha ya skrini mara moja katika kila dakika 10 na kuhesabu jinsi kibodi na kipanya vilivyoguswa, ili mteja aliye mbali ajue saa anayoilipia ilifanyiwa kazi. Lililozuka sasa ni kwamba baadhi ya ofisi zinazopokea kazi kwa jumla na kuwagawia vijana zimeichukua hesabu ile ya saa zikaifanya kipimo cha mtu mwenyewe. Alama zinabandikwa ukutani. Aliyeshika mkia anaaga.

Kuna kijana ninayemjua aliyetolewa hivyo na ofisi moja ya hapa mjini. Wenzake walikuwa wakimkimbilia kila kitu kinapowakwama. Alikuwa akiinuka, anasimama nyuma ya kiti cha mwenziwe, anamwelekeza mpaka kazi itoke, na muda wote huo skrini yake imelala. Kwenye ripoti saa ile iliandikwa kuwa ya uvivu. Mvuvi yeyote wa hapa anajua kwamba anayefua maji chomboni hashiki samaki, na hakuna nahodha anayemwacha pwani kwa sababu hiyo.

Mimi nasema utaratibu huu, mbali na kumdhulumu mtu, unaiharibu kazi yenyewe. Na wenye kazi hiyo wameshauonja. Jack Welch, alipoiongoza kampuni ya Marekani ya General Electric kuanzia 1981 hadi 2001, ndiye aliyeuvumisha mtindo wa kuondoa asilimia 10 ya chini kila mwaka. Microsoft nayo ikashika mtindo wa mafungu: meneja hata awe na timu ya hodari watupu, lazima ampate wa kumweka chini. Watu wakaanza kukwepa kukaa timu moja na mahodari wenzao, na kuficha walichokijua, maana kumsaidia mwenzako ni kujishusha. Novemba 2013 Microsoft ikauacha. Adobe, kampuni nyingine ya programu, ilikuwa imeachana na tathmini ya mwisho wa mwaka tangu 2012, ikaweka mazungumzo ya mara kwa mara kati ya mtu na msimamizi wake.

Kisha tazameni hali yetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Siku kama hizo, anayekaa karibu na ofisi yenye jenereta anapata alama zake, na aliye Ngomeni au Marafa kwa bando la simu anaonekana mzembe. Tunachopima hapo ni nini?

MWENYE OFISI, MALINDI MJINI

Wa alaykum salaam. Mimi ni mwajiri, nina vijana ninaowalipa kila mwezi, na jambo hili linaninyima usingizi, kwa hiyo nisikizeni.

Mteja wangu yuko Marekani. Hajafika Malindi wala hatafika. Analipia saa na anataka ushahidi wa saa. Nikimwambia awaamini vijana kwa neno langu, mwezi ujao kazi iko Manila, Ufilipino. Hiyo programu ya picha sikuitafuta mimi, imo ndani ya mkataba. Kodi ya nyumba inanisubiri, mafuta ya jenereta yananisubiri, na mshahara hauwezi kungoja.

Ndugu mleta mada ametaja walioacha. Ataje na wanaoendelea. Januari 2025 Meta, wenye Facebook, ilitangaza kupunguza takriban asilimia 5 ya wafanyakazi wake, wale iliowaona wa utendaji wa chini. Kampuni kubwa hivyo, na fedha zote zile, bado inachuja watu.

Na nimekutana na watu wanaofungua laptopu asubuhi kisha hawaonekani mpaka adhuhuri. Wenzao wanabeba mzigo. Nisipokuwa na kipimo nitamwambia nini yule anayebeba?

MCHANGIAJI WA SHELA

Kaka, kipimo chako hakimkamati huyo. Vipo vifaa vinavyosogeza kipanya vyenyewe, vinanunuliwa kwa bei ndogo. Wells Fargo, benki ya Marekani, iliwafuta kazi zaidi ya watu 12 mwaka 2024 kwa kuigiza kwamba wanagusa kibodi. Ukihesabu mibofyo utaletewa mibofyo.

Na jambo jingine. Saa mbili asubuhi ya California, wakati wa kiangazi chao, ni saa kumi na mbili jioni hapa. Kikao cha mteja kinaanza na adhana ya Magharibi inakaribia. Anayeinuka kuswali anahesabiwa dakika za kukaa bure, na mwezi wa Ramadhani ndiyo kabisa, mtu anafuturu jicho likiwa kwenye kipimo. Msimamizi aliyekaa nasi hahitaji kuelezwa hilo. Programu haitalijua kamwe.

MWANDISHI WA PROGRAMU, WATAMU

Kwenye uandishi wa programu hesabu hizi zinapotosha zaidi. Mwaka 1982 wasimamizi wa mradi wa kompyuta ya Lisa pale Apple walitaka kila mhandisi ajaze fomu ya wiki: ameandika mistari mingapi. Mmoja wao, Bill Atkinson, alikuwa ameipanga upya sehemu moja ya programu, ikawa na kasi zaidi na fupi zaidi. Akajaza hasi 2,000, yaani mistari 2,000 imepungua. Baada ya muda wakaacha kumpa fomu.

Kazi yangu bora ni siku ninayofuta.

DADA WA MAMBRUI

Nimesoma yote na nawaheshimu kaka zangu, lakini hamjaulizana kwa nini wengine wetu tunazipenda hizo alama.

Nilitafuta kazi mjini kwa muda mrefu. Kila ofisi niliyoingia, nafasi ilikuwa ya binti wa fulani au mpwa wa fulani. Mimi sina shangazi mjini. Mahali nilipopewa nafasi hatimaye palikuwa ni pale penye alama. Sikuulizwa mimi ni wa nani. Nilipewa kazi ya majaribio, nikaifanya, nambari ikaonekana, na msimamizi hakuweza kunishusha ampandishe mtu wake, maana ukuta ulikuwa unasoma. Mkisema tuondoe alama turudi kwenye macho ya msimamizi, nawauliza: macho ya msimamizi yupi? Yule anayemwona mpwa wake kuwa hodari kila siku?

Nakubali yaliyosemwa kuhusu stima, bando na swala. Nimekatwa alama kwa kukosa stima, iliniuma. Lakini dhuluma ya mashine naweza kuionyesha kwa tarehe na saa. Dhuluma ya upendeleo nitaionyesha kwa nini?

MFUATILIAJI WA SHERIA, KILIFI

Sheria haijakaa kimya hapa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinampa mtu haki ya kutokuwa chini ya uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake. Kuna mipaka: ikiwa ni lazima kwa ajili ya mkataba, ikiwa sheria nyingine inaruhusu, au ikiwa mwenyewe ameridhia. Hata hivyo uamuzi ukitolewa hivyo mhusika anapaswa kuarifiwa kwa maandishi, na anaweza kutaka uangaliwe upya. Kifungu cha 26 kinampa haki ya kujua data zake zinatumiwa kwa nini na kuziona. Kwa hiyo dada wa Mambrui, zile picha na zile alama una haki ya kuziomba, tangu ukiwa kazini.

Kuhusu kutoa mtu kwa kuwa ni wa mwisho: Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na asikizwe. "Wewe ni wa mwisho" haielezi kosa. Katika watu kumi hodari yupo wa kumi. Mahakama ikiona mtu ameachishwa isivyo haki inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Ofisi nyingine huwaandikia vijana kuwa wamejiajiri, zikidhani zimetoka kwenye sheria hiyo. Mahakama huangalia kazi ilivyo, wala haiishii kwenye jina lililo juu ya karatasi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data haiulizi kama umeajiriwa au la.

MLETA MADA

Dada wa Mambrui, neno lako limenikaa. Sikulipima hivyo mwanzo, na sitalipita haraka.

Ulichokipenda ukutani, nadhani, ni mambo matatu: kipimo kilijulikana mapema, kilikuwa kimoja kwa wote, na msimamizi hakuweza kukigeuza usiku. Hayo yabaki, nayapigania pamoja nawe. Lakini angalia ulivyopata kazi. Ulipewa jaribio, ukafanya, kazi yenyewe ikaonekana. Hiyo si hesabu ya mibofyo. Jaribio lile lile angepewa mtu mwenye kipanya kinachojisogeza, angeanguka.

Wanaopima kazi hizi kwa umakini wameelekea huko. Timu ya utafiti iitwayo DORA, ambayo sasa iko chini ya Google, kwa miaka mingi ilijulikana kwa vipimo vinne vya kazi ya programu: mabadiliko yanawafikia watumiaji mara ngapi, yanachukua muda gani tangu kuandikwa hadi kuwafikia, ni sehemu gani yake huleta hitilafu, na huduma ikianguka inarudi baada ya muda gani. Viwili vya kwanza ni kasi, viwili vya mwisho ni uimara, na ukikimbiza kasi peke yake uimara utakusuta. Vyote vinne ni vya timu, hakuna hata kimoja kinachomtaja mtu. Na Microsoft tena, mwaka 2020, ilileta kipimo cha matumizi ya programu zake maofisini ambacho kiliwaonyesha mameneja wafanyakazi kwa majina. Kelele zikawa nyingi, na kabla ya mwaka kwisha majina yakaondolewa, zikabaki takwimu za ofisi nzima.

Kwa hiyo upendeleo tuuzuie vipi bila mibofyo? Kazi ya kila mtu ikaguliwe na watu wawili, na mmoja wao atoke timu nyingine. Matokeo yaandikwe na mhusika ayasome. Siku ya hitilafu ya stima au intaneti itolewe kwenye hesabu ya wote. Msimamizi asiwe na ruhusa ya kumkagua jamaa yake. Mambo haya yana gharama, lakini ofisi yenye watu 15 inayaweza.

MWENYE OFISI, MALINDI MJINI

Nayasikia, na sheria hiyo ya Kifungu cha 41 nitakwenda kuisoma leo leo. Kutenganisha naweza: picha zibaki kwa ajili ya ankara ya mteja, zisiguse mshahara wala kufukuza. Hilo sina ugumu nalo.

Ugumu wangu uko kwa yule kijana aliyekuwa anasimama nyuma ya viti vya wenzake. Nyote mnamsifu, na mimi namtaka ofisini kwangu. Lakini saa yake ile mteja hailipi. Nikimlipa mimi, naitoa wapi? Nikimwambia aache kusaidia, wapya hawafundishiki. Hapa ndipo nilipokwama, na sijasikia mtu akipagusa.

MLETA MADA

Itoe kwenye bei. Unapomtajia mteja bei ya saa, ndani yake umeshatia kodi, jenereta na faida yako. Tia na mafundisho. Mtu mpya kazi zake zinarudishwa zirekebishwe, na saa za kurekebisha hakuna mteja anayezilipa mara mbili, kwa hiyo leo tayari unalipia kutokufundisha, ila hujaliandika popote. Chukua kazi zilizorudishwa miezi mitatu iliyopita uhesabu saa zake. Ukizipata, linganisha na saa za kijana mmoja anayelipwa kukaa na wapya siku mbili kwa wiki, cheo hicho kikiandikwa na kulipwa waziwazi.

DADA WA MAMBRUI

Cheo hicho kitangazwe, basi. Tarehe ibandikwe, jaribio liwe la wazi, tuombe sote. Kikipewa mtu kimyakimya tutakuwa tumerudi kule kule kwa mpwa wa fulani. Na mwenye ofisi, ukifika wakati wa kutangaza, sema hapa hapa. Mimi nitaleta jina langu.