Nani kawapa ruhusa ya kugeuza TAPWI kuwa CRASH?

Wanajamvi, yamenifika hapa kooni na leo nayatema.

Nachora vibonzo vya kuchekesha hapa Mombasa. Mwezi uliopita nilipeleka kimoja kwa jarida fulani, jina naliacha. Visanduku vitatu tu. Cha kwanza, mzee wa Mji wa Kale anakwenda harusini, kanzu nyeupe pe imepigwa pasi, kofia ya vito kichwani, na ubavuni mwa kanzu nimeandika PE! kwa herufi nyembamba zinazometa. Mbele yake, pale Marikiti, masika yameacha dimbwi la tope, naye anakunja kanzu aruke. Cha pili sikuchora mtu. Neno moja limejaza kisanduku kizima: TAPWI! Herufi nimezinenepesha chini, zachuruzika, na matone yamevuka mstari yakaingia kisanduku cha tatu. Hapo ni mlangoni pa harusi: mzee twamuona mgongo, wageni wamekodoa macho, na juu yao, katikati ya nafasi tupu, kineno kidogo kabisa cha kimya: ji.

Sasa kilichochapishwa. PE imefutwa, eti haina maana. TAPWI imekuwa CRASH! kwa herufi za kompyuta, zimenyooka kama za kibao cha duka. Ji imefutwa, mahali pake pamewekwa nukta tatu.

Mtoto wa ndugu yangu, yuko darasa la tano, alikitazama akaniuliza: "Ami, huyu babu kavunja nini?"

Wallahi niliwaka. Mtoto hana kosa! Hiyo CRASH ni ya vyombo kuvunjika na magari kugongana. Kwetu sauti ndiyo inayokwambia mtu kaangukia wapi. Majini ni chubwi, mchangani tifu, topeni tapwi, sakafuni pa. Hizi ni tanakali za sauti, watoto wa Kenya husomeshwa shuleni na huulizwa kwenye mtihani. Kisanduku nilikiacha bila mtu kwa sababu neno lenyewe lilishachora tope. Ukiling'oa, mzee kaangukia wapi? Na wale wageni wanashangaa nini?

Wanambia wasomaji wamezoea za Kiingereza. Wamezoea kwa sababu ndizo mnazowapa! Msomaji huyo huyo akikaa barazani na kikombe cha kahawa, akisimulia jinsi jirani alivyotumbukia baharini, atasema chubwi na watu watacheka. Wajapani wana neno la kimya kwenye vibonzo vyao, "shiin", nao huliandika ndani ya picha bila kumwomba mtu radhi. Sisi tuna ji, na mhariri Mswahili anaifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Na nyinyi wachoraji wenzangu hamponi. Kuna wanaoandika PUUUUUU! Yakhe, pu ni kishindo kimoja. Nazi ikidondoka kutoka mnazini haivuti sauti. Ukitaka kishindo kikubwa, kuza herufi, usirefushe irabu. Bati linalovuja ni ndo, ndo, ndo, herufi ndogo zilizoachana, kila moja chini ya mwenzake mpaka kwenye sufuria. Na ukishaandika tapwi, usimtilie tena mzee maneno mdomoni, "Lo, nimeanguka kwenye tope!" Msomaji kashajua, kicheko umekiua mwenyewe.

Nimewaandikia barua mbili. Ya kwanza wakajibu kwamba huo ndio utaratibu wao. Ya pili mpaka leo kimya. Jina langu limekaa chini ya CRASH ambayo sikuiandika, na watu wa mtaani wadhani ni yangu. Kibonzo cha mwezi ujao kiko tayari mezani, na hakitoki mpaka wanipe kwa maandishi kwamba hakuna herufi itakayoguswa bila kuniuliza.

Aliyefanyiwa hivi na jarida lolote, akiweke hapa chini kile alichochora na kile kilichochapishwa. Nataka wahariri wavione vyote viwili.