Mjadala: Akiba ya chama cha wavuvi inunue hisa za setilaiti za simu?

MLETA MADA, MALINDI
Ndugu zangu wa Malindi na Lamu, naomba tulijadili hili kabla ya kikao. Chamani kwetu vijana wamependekeza nusu ya akiba inunue hisa za AST SpaceMobile, kampuni ya Marekani inayotaka simu ya kawaida izungumze na setilaiti moja kwa moja, bila dishi wala mnara. Hoja yao ni kwamba hakuna anayejua thamani ya huduma hii kuliko mvuvi.

Hapo wamesema kweli. Kusi limechafuka, mashine imezima nje ya mwamba, nahodha anatoa simu kwenye mfuko wa nailoni, anaiinua juu kutafuta netiweki, hapati. Walio pwani hawajui lolote mpaka chombo kichelewe kurudi. Mimi nimo katika kusubiri huko kila msimu, kwa hivyo sipingi hitaji. Napinga kuchukua fedha za wajane na wachuuzi wa samaki kuziweka huko.

Angalieni historia ya kampuni. Ilipoingia soko la hisa mwaka 2021, mpango wake wa kwanza ulikuwa setilaiti 20 za kuzunguka juu ya ikweta, yaani juu ya vichwa vyetu. Mpango ukageuzwa. Setilaiti 5 za kwanza za biashara, zilizorushwa Septemba 2024, zilipelekwa kwenye njia inayofika nyuzi 53 kaskazini na kusini ya ikweta, kwa kuwa wateja wa kwanza ni AT&T na Verizon, kampuni za simu za huko Marekani. Setilaiti za njia hiyo husongamana karibu na nyuzi 53, na huku ikweta ndiko zinakokuwa chache zaidi. Anayelipa ndiye anayeangaliwa kwanza.

Halafu hiyo grafu ya bei ya hisa za AST mnayotumiana. Inaanzia Aprili 2024, hisa ikiwa karibu dola 2, na kufikia Agosti imepita dola 30. Mbona haianzii 2021, ilipokuwa dola 10 na zaidi? Aliyenunua wakati ule alikaa miaka mitatu akiangalia fedha zake zikiyeyuka. Na Januari 2024 kampuni iliuza hisa mpya kwa dola 3.10 ili ipate fedha za kuendelea. Hisa mpya zikitoka, fungu lako katika kampuni linapungua hata kama hujauza kitu.

Wazee watakumbuka pia Iridium, kampuni ya simu za setilaiti: setilaiti 66, gharama ya takriban dola bilioni 5, huduma ikaanza Novemba 1998, na Agosti 1999 kampuni imefilisika. Baadaye mali yake ilinunuliwa kwa dola milioni 25 hivi, na Iridium ipo hadi leo. Setilaiti zilipona. Wenye hisa wa mwanzo hawakupona.

MCHANGIAJI, FAZA
Mama, shikamoo. Iridium si mfano wa haki. Ilimtaka mtu anunue simu kubwa ya karibu dola 3,000. Hawa wanatumia simu iliyo mfukoni tayari. Setilaiti yao ya majaribio, BlueWalker 3, ilikuwa na antena ya mita 64 za mraba, na Aprili 2023 ilipitisha simu ya sauti kutoka Texas hadi Japani kwa Samsung ya kawaida. Jambo limeshafanyika, si ndoto.

Na Safaricom je? Mwaka 2008 hisa ilikuwa shilingi 5, ikaanguka chini ya 3, watu wakauza kwa hasira. Walioshikilia wako wapi leo? Sisi watu wa Pwani tumezoea kutazama tu. Roketi ziliruka Ngomeni, kwenye majukwaa ya San Marco ya Waitaliano, kuanzia miaka ya sitini hadi 1988. Setilaiti Uhuru iliruka pale 12 Disemba 1970. Wazee wetu walipata nini? Safari hii nataka tuwe ndani.

MCHANGIAJI, LAMU MJINI
Kabla ya faida, tuulize halali. Januari 2025 kampuni hii ilikopa dola milioni 460 kwa hati za riba. Wanachama wengi ni Waislamu, na hakuna aliyemuuliza ustadhi.

MLETA MADA
Marahaba mwanangu wa Faza. Kuhusu simu ya kawaida nakubaliana nawe, hilo ni tofauti kubwa na Iridium. Lakini Safaricom ilipouza hisa ilikuwa tayari inapata faida, na gawio lake tunalipata kwa shilingi. Walioumia zaidi wakati ule ni waliokopa benki kununua. AST hailipi gawio. Utapata faida siku ukiuza tu, kwa bei ya dola ya siku hiyo.

Ngomeni umenigusa. Ila setilaiti Uhuru ilikuwa ya NASA, ya kutafuta miali ya eksirei angani, na hisa chache za chama kidogo hazitatupa sauti Texas, yaliko makao makuu ya AST, kama ambavyo hatukuwa nayo Ngomeni. Sauti tunayo Nairobi. Disemba 2025 Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX, kampuni nyingine ya setilaiti ya Marekani, ya kuunganisha simu na setilaiti katika nchi zake 14, na Kenya ni mojawapo. Huduma inaweza kutufikia bila sisi kumiliki hata hisa moja. Basi tuibane Mamlaka ya Mawasiliano sasa, kabla bei hazijapangwa: ujumbe wa dharura kutoka baharini uwe bure, kwa kila mtandao. Hapo ndipo chama kiweke nguvu.

Suala la riba naliunga mkono, lipelekwe kwa ustadhi kwanza.

Pendekezo langu kikaoni litakuwa hili: akiba ya chama inunue redio za VHF na jaketi za kuokolea kwa vyombo ambavyo havina, na anayetaka hisa za AST aanzishe mfuko wa hiari, jina lake na fedha zake. Wa Kizingitini na Kiunga, nyinyi mnaokwenda mbali zaidi, hamjasema. Mngepiga kura vipi?